Chukua Huo Ubao Mpana

Mjukuu wangu Tumaini,

Hujambo huko Dar? Sisi hapa Hasamba tu wazima, kahawa imechanua shamba zima.

Unauliza ununue ubao gani wa kupandia mawimbi: mwembamba wa kupendeza, au mpana ambao wenzako wanaucheka? Mpana, mwanangu! Utotoni tulikuwa tukiteleza mlimani kwenye majani mabichi. Kaka yangu alipanda ubao mwembamba, akawa anaanguka tu. Mimi nikaburuta mlango mbovu wa ghala, wakanicheka wote. Lakini jioni nilikuwa nateleza nimesimama, na kaka yuko nyuma yangu, amening'ang'ania kiunoni, anapiga kelele za furaha!

Ukizoea ukataka mwembamba, huo mpana usiuuze. Nakuja kuupanda.

Bibi yako