Chokaa Uliyotuachia, Papa Daniella

Mwaka umezunguka, Papa Daniella, tangu ulipotutoka. Wengi hapa Kalemie wanakukumbuka kama arshitekte Jérôme Kalumba, mtu aliyejenga kidogo na kutengeneza sana, kwa sababu kazi yako ilikuwa kuzizuia nyumba za zamani zisianguke. Wanakusifu, na wana haki. Mimi mke wako nakukumbuka pia kama mume niliyegawana na nyumba.

Nyumba yenyewe kila mtu anaijua. Ni ile ya zamani ya masista, pale juu, yenye matao mbele, ambayo parokia ilikupa uitengeneze. Sokoni wenzangu walinichokoza kila nilipopita na kikapu.

"Mama Daniella, mbanda wako ameamkaje?"

"Ameamka amepakwa poda," nilijibu, nao wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini mke mwenza wa mawe hazeeki. Ulikuwa unamrudishia ujana huku mimi naota mvi.

Ulikuwa mpole. Hukumpandishia mtoto sauti, na fundi aliyekosea ulimwonyesha kwa mkono, si kwa mdomo. Kwa kuta ulikuwa mpole zaidi. Uligonga kwa kidole ulichokunja, ukaweka sikio, ukasikiliza ni wapi plasta imeachana na jiwe. Kifua changu kilipobana, uliniuliza ukiwa mlangoni, "Umekunywa dawa?" Sikio hukuweka.

Mvua ya kwanza ikianguka, waume wa wenzangu walikimbilia nyumbani. Wewe ulitoka nyumbani ukakimbilia kule, uone maji yanaingilia wapi. Bukari wako ulipoa mezani.

Na simenti uliikataa, ingawa kiwanda chake kiko hapa karibu nasi. Hilo liliwashangaza watu kuliko yote.

"Mutu wa Kalemie anakataa simenti ya Kabimba!" kaka yako Jean-Luc alikutania. "Njo kusema muvuvi anakataa ndagala."

"Huyu ni muzee," ulimjibu bila haraka. "Ukimuvalisha simenti anatoka jasho ndani, nyama inamuanguka. Anataka chokaa, apate kupumua."

Ilikuwa kweli. Kabla yako walikuwa wamempaka simenti upande mmoja, ikavimba, ikaanguka pamoja na vipande vya ukuta. Kwa hiyo ulichimba shimo katika uwanja wetu. Ulichoma mawe meupe, ukayatia maji yakachemka bila moto, ukaiacha chokaa ilale humo chini ya maji mpaka iwe laini kama siagi. Pale pale ndipo nilipotaka unijengee jiko.

"Vumilia, Mama. Bado haijaiva."

"Maharagwe yangu yanaiva kwa asubuhi moja!"

"Hii inaiva kwa miaka."

Jioni ulifunua bati ukaitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala. Mimi nilisimama kwenye moshi wa mafiga yangu, nikikutazama wewe.

Ulipolazwa nilikaa kando yako. Homa ilikuwa imekupunguzia maneno, na ulipofungua mdomo sote tuliinama tusikie. Ulisema, "Funikeni shimo. Chokaa isikauke." Hukusema tena. Na mkono uliokuwa umeushika, Papa Daniella, ulikuwa wangu.

Siku ya kutoa matanga familia iligawana vitu vyako, kama ilivyo desturi. Jean-Luc alichukua koti, dada yako Yvette redio, watoto wetu Daniella na Jordan wakapata saa na kalamu zako. Ndipo Destin, fundi wako mkuu, akasimama na kofia mkononi.

"Mama, na ile chokaa? Tao la mbele bado halijapakwa. Parokia inasema tukikosa chokaa, watapaka simenti mbele ya mvua kuanza. Na ya kuchoma leo haitaiva."

Yvette alipiga makofi. "Mbanda amekuja kudai urithi wake!"

Uwanja mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Humo shimoni ndimo kazi ya mwisho ya mikono yako ilimokuwa, na kila mtu aliona kwamba haitawatosha mke wa huku na mke wa kule.

"Hapewi mtu kabla ya mke wa nyumbani," nikasema. "Destin, kwanza utanijengea jiko, hapa hapa. Tofali za kuchoma, na ukuta mzima upakwe chokaa yake, ndani na inje."

"Mama, moshi utaichafua."

"Acha niichafue mimi."

"Lakini tukipaka ndani na inje, tao litabaki uchi."

"Shemeji," Jean-Luc akaingilia, "kweli unaonea ukuta wivu?"

"Ndiyo. Na wewe ungeona."

Nilifikiria simenti ile juu ya tao, na jasho ulilolisema, na uso ambao ungeufanya. Hilo sikuweza kukufanyia.

"Haya," nikamwambia Destin. "Inje ya jiko ibaki tofali tupu. Tao lipate nguo yake. Ndani ni kwangu."

Ikafanyika hivyo. Destin alipaka kama ulivyomfundisha, safu nyembamba juu ya nyembamba, akinyunyiza maji. Sasa maharusi wanapigwa picha chini ya tao lile. Ni zuri. Nalisema kwa shida, lakini ni zuri.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii asubuhi. Parokia imetupa Nyumba ya Matao tupokelee wageni humo, na tunaishukuru. Mimi nimekataa. Chakula kitakuwa kwetu. Anayetaka kuona kazi ya Jérôme apande kule, aitazame mpaka atosheke. Anayemtaka Jérôme mwenyewe aje nyumbani.

Wanaokukumbuka ni mimi mke wako Viviane, watoto wako Daniella na Jordan, kaka yako Jean-Luc, dada yako Yvette, na Destin pamoja na mafundi wako wote.

Wengine watakukumbuka wakipita pale juu. Sisi hatupiti, Papa Daniella. Sisi tunakaa nawe.