Rozari ya Mafuta

Jumatatu, tarehe 5 mai

Mvua tangu asubuhi. Niliponda sombe, majani ya muhogo, beseni mbili za kuuza, moja tu njo imetoka. Ile ingine tutakula sisi, mimi na Neema binti yangu mudogo, kesho na kesho kutwa.

Nsimire, binti yangu mukubwa, aliita ku telefone saa saba. Dakika tatu, réseau ikakatika. Sauti yake imekauka, sawa ya mutu wa kuvuta tumbaku. Alisema: «Maman, batupatia rozari. Iko muzito. Ninalala nayo. Asubuhi ninaifungua, ninaipaka mafuta, ninairudishia.»

Rozari ni bunduki. Jina hiyo alilivumbula yeye. Mère Supérieure ni adjudant mwenye kubafundisha. Chorale ni kukimbia na kuimba mbele ya jua kutoka. Couvent ni masomo ya officier, kule mbali, ngambo ingine ya inchi, kwa jeshi ya serikali. Alipanda ndege Kavumu na diplome yake mu sachet. Kisha muji ikabadilisha wenyewe. Sasa hapa Bukavu benye kushika muji ni bale mutoto yangu anafundishwa kubapiga.

Uongo ni yangu. Wiki ile ya kwanza bale balipoingia, ku robinet tunachota maji, jirani Maman Yvonne aliniuliza: «Nsimire eko wapi? Hatumuone.» Kinywa ikajibu mbele ya kichwa: «Alienda kuwa masere.» Basi. Tangu siku ile binti yangu ni mutawa.

Naandika juu kifua imejaa na hakuna mutu wa kumwambia. Nilifika ya ine primaire tu, lakini kuandika najua. Cahier hii inalala mu gunia ya makala, chini kabisa.

Jumatano, tarehe 7 mai

Mambo yenye aliniambia inarudi moja moja nikiwa napepeta bunga.

Banabaita bableu, bale bangali kujifunza. Hakuna jina, bleu tu. Saa kumi ya asubuhi filimbi. Mwenye kuchelewa anatambaa mu matope. Binti moja alianguka mu matembezi, bakamumwangia maji ya ndoo, akasimama, akaendelea. Nsimire balimukata nywele yote. Nywele nilisuka mimi siku mbili mbele aende, nywele muzuri vile.

Nsimire huyu aliogopaka panya. Alikuwa anapanda juu ya meza.

Ninaogopa. Niandike tena: ninaogopa. Ninaogopa kule bamuvunje, na ninaogopa hapa bamujue.

Ijumaa, tarehe 9 mai

Tangazo. Kila nyumbakumi aandike batu ba nyumba zake kumi. Benye biko, na benye habako. Benye habako, aandike biko wapi. Kisha bakubwa batasoma liste na batapita kuhakikisha.

Nyumbakumi yetu ni Papa Zihindula. Muzee, anachechemea muguu wa kushoto, anasema kidogo. Alikuwa hapa mbele, na hawa bapya bakamuacha ku kazi yake. Kwa nini bakamuacha? Batu banasema anakunywaka nao kasiksi, pombe ya ndizi. Sijue. Mutu mwenye kunyamaza sana, hauwezi kujua anaweka nini ndani.

Jirani ya avenue ya chini, mutoto yake alikuwa polisi. Baliingia kwake mchana, batu bote banaangalia. Sitaandika ingine.

Nimemwambia Neema: dada yako ni masere. Akasema: «Maman, unaniambia kila siku.» Eko na miaka kumi na mbili. Nitamwambia kila siku.

Siku ya Mungu, tarehe 11 mai

Misa. Kisha shirika yetu ya kusali, majirani ba avenue nzima. Maman Yvonne njo présidente. Akasimama, mikono juu: «Tumuombee binti yetu Nsimire, mu couvent, Mungu amulinde mu wito wake!» Bakapiga mikono. Mama moja akanikumbatia akalia machozi ya kweli.

Sikupokea komunyo. Neema akaniuliza kwa nini. Nikasema tumbo inaniuma. Uongo ingine. Zinazaana sawa sungura.

Jumanne, tarehe 13 mai

Message ya Nsimire: «Naingia retraite. Siku kumi. Telefone hapana. Uniombee.»

Retraite ni pori. Alinieleza zamani: kutembea na muzigo muchana na usiku, kulala chini, risasi ya kweli. Siku kumi. Nimechora mistari kumi na makala nyuma ya mulango.

Na mai ni mwezi ya Maria. Kila jioni shirika inasali rozari, leo nyumba hii, kesho ile. Siku ya posho, ile jumamosi, ni kwangu.

Posho, tarehe 17 mai

Nimefanya ujinga. Mungu wangu, nimefanya ujinga.

Balikuja bengi. Bamama ku mikeka, bapapa ku viti, Papa Zihindula ku kiti kidogo karibu ya mulango. Nilikuwa na furaha, njo mwanzo wa kosa. Nyumba imejaa, batu banaimba, banamutaja mutoto yangu na heshima. Maman Yvonne akasema mbele ya fumbo la kwanza: «Maman Nsimire, tuambie basi, masere wetu anasali namna gani kule? Tujifunze.»

Ningejibu: anasali muzuri. Maneno mbili.

Lakini moyo ya mama ni mupumbavu. Siku ine sina habari yake, nilitaka kumusema tu, kumusema hata kidogo. Nikasema: «Ee, bamama! Rozari yake iko muzito sawa mutoto wa miezi sita! Analala nayo. Kila asubuhi anaifungua bipande bipande, anaipaka mafuta, anairudishia, na macho amefunga.»

Kisha Maman Yvonne akapiga magoti yake na kucheka: «Rozari ya mafuta! Ni ya kusali ao ya kukaanga samaki sambaza?» Nyumba nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Sijui nilichekaje.

Papa Zihindula hakucheka. Aliinua kichwa. Aliniangalia sawa mutu mwenye kusikia jina yake mahali hakuitegemea. Kisha akashusha macho ku shanga zake na akaanza Salamu Maria yeye mwenyewe, kwa nguvu, mbele Maman Yvonne aanze. Yeye haanzishaka.

Alijua. Alijua palepale.

Siku ya Mungu, tarehe 18 mai

Sikuenda ku misa. Nimekaa nyuma ya mulango. Kila kiatu kinapita ku avenue ni cha Papa Zihindula.

Nimefikiri kukimbia. Kwenda Mumosho, mu kijiji ya dada yangu, kisha tutaona. Nimefunga bikwembe mbili za kuvaa na sufuria ya Neema. Kisha nikafungua. Nikikimbia, nimesema mwenyewe: ni kweli, mukuje. Na Nsimire akiita, atatukuta wapi?

Rozari ya mafuta. Rozari ya mafuta. Neno inazunguka mu kichwa sawa nzi.

Jumanne, tarehe 20 mai

Papa Zihindula ameanza liste. Eko avenue ya juu na registre yake ya kifuniko nyekundu. Nyumba kwa nyumba. Anakaa mingi kila pahali. Kutoka dirisha ninaona kofia yake.

Nimefuta picha. Ilikuwa moja tu, alinitumia mwezi wa tatu: kichwa kipara, nguo ya kijani mukubwa kuliko yeye, anacheka. Ku barrage, kizuizi ya barabara, banafungua batelefone za batu. Kidole ilikataa mara mbili. Ya tatu ikakubali. Sasa ninamuona tu nikifunga macho, na tayari sikumbuke kama sikio ilionekana ao hapana.

Siku ya saba ya retraite.

Alhamisi, tarehe 22 mai

Papa Zihindula alikuja. Ninaandika yote, pole pole.

Saa ine ya asubuhi. Nilikuwa naponda sombe. Akapiga hodi, akaingia, akakaa bila kuambiwa, akafungua registre ku magoti.

«M'Lwaboshi. Muko bangapi?»

Jina ya baba yangu. Alinichukua kwa jina ya kwetu, sawa mutu wa familia ao sawa juge wa kukata kesi. Nikasema wawili.

«Mwenye hayuko?»

«Nsimire.»

«Eko wapi?»

«Couvent.»

Hakuandika. Alishika bic juu ya karatasi, na bic haikushuka. Akamuambia Neema: «Binti, niletee maji ya kunywa. Ya robinet, ile baridi. Usikimbie.» Neema akatoka. Nikasema mu moyo: anaondoa mutoto njiani, sasa inakuja.

Akasema polepole: «Rozari haipakwake mafuta, Maman.»

Nilikufa. Mutwangio ulikuwa mukononi na sikuweza kuuweka chini.

Akakunja suruali ya muguu wa kushoto. Kutoka kifundo mpaka goti, nyama imeshonwa sawa gunia. «Hii njo couvent yangu. Miaka kumi na moja ya jeshi, wakati wa président wa zamani. Na mimi nilifungua ile rozari macho yamefungwa. Siku uliposema, nilisikia harufu yake mu pua.»

Machozi ikatoka bila ruhusa. Akashusha suruali.

«Sikiliza muzuri. Bakikuuliza tena, ni rozari ya mbao. Mbao ya muzeituni, ya zamani, ya masere mwenye alikufa. Mbao inakauka, inapasuka, njo banaipaka mafuta. Bipande bipande, ni juu kamba ilikatika. Umesikia? Useme wewe mwenyewe, ucheke. Usingoje bakuulize.»

Nikasema nimesikia.

«Na mutoto, umwambie hivi: mafuta ni ya miguu. Katikati ya bidole, mbele ya kutembea. Ya ngombe, akipata. Soksi mbili, ya ndani ageuze. Adjudant hawezi kumuua. Miguu ikioza, hiyo njo inaua.»

Kisha bic ikashuka. Aliandika na herufi kubwa, sawa mutoto wa primaire, ulimi nje. Akageuza registre nione. Nikasoma, juu kusoma najua: NSIMIRE. MASERE.

Neema akarudi. Muzee akakunywa maji yote, akapangusa kinywa, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ku avenue: «Asinge, Mungu asifiwe! Masere wetu atuombee. Lakini akirudi asinihubirie, mimi nimezeeka!»

Akaenda, anachechemea. Nimekaa chini kando ya kinu. Sombe ilikauka.

Miezi yote ile nilimuogopa mutu mwenye alikuwa ananificha. Sijue ananificha tangu lini. Pengine tangu robinet.

Siku ya Mungu, tarehe 25 mai

Retraite ingeisha juzi. Mistari kumi, nimeongeza mbili. Telefone kimya.

Ku shirika nilisema mwenyewe, nikicheka, sawa alinifundisha. Mbao. Muzeituni. Masere mwenye alikufa. Kamba ilikatika. Maman Yvonne akasema: «Aaa! Njo maana! Na hii yangu ni ya mbao, inapasuka kila mwaka, hakuna mutu aliniambia!» Akaniuliza mafuta gani. Sikuwa tayari kwa swali hiyo. Nikasema mawese.

Papa Zihindula akakohoa.

Jumatano, tarehe 28 mai

Siku kumi na tano. Hakuna kitu. Sikule. Neema aliniwekea bugali na mboga ya lengalenga, nikaangalia tu.

Bale bakubwa balipita na liste. Kijana ya bunduki alisimama mulangoni, akasoma, akauliza: «Masere?» Nikasema ee. Akaangalia ukuta, Bikira Maria wa calendrier. Akasema mama yake pia alitaka awe padri. Akaenda.

Hata yeye eko na mama mwenye hajalala. Sikutaka kuwaza ile. Imekuja yenyewe.

Posho, tarehe 31 mai

Aliita saa sita na nusu.

«Maman. Retraite imeisha. Balituongezea wiki moja.» Sauti ya muchanga. Nikauliza miguu. Akasema kucha mbili zimetoka.

Nikasema: «Papa Nyumbakumi anakusalimia. Anasema mafuta ni ya miguu. Katikati ya bidole. Soksi mbili, ya ndani ugeuze.»

Kisha nikasikia anacheka, kile kicheko cha zamani cha juu ya meza na panya, kisha hakikuwa tena kicheko. Akasema: «Umwambie nimesikia. Umwambie asante, mon commandant.» Nikasema hapa hakuna commandant, ni muzee tu. Akasema: «Ndiyo, Maman. Muzee tu.»

Nadhiri, ile kiapo ya officier, ni mwezi wa kumi na mbili. Kisha batamutuma wapi, hakusema, sikuuliza. Woga iko palepale, imekaa tu chini, imeacha kusimama.

Jioni tulifunga mwezi ya Maria kwa Maman Yvonne. Nilipoingia, harufu. Nikafikiri banapika. Hapana. Bamama karibu bote balipaka rozari zao mawese. Za mbao, za plastike, hata ya chuma. Mikono nyekundu, bikwembe na madoa, shanga zinateleza, Salamu Maria zinapotea hesabu. Maman Yvonne anaeleza bageni: «Ni desturi ya couvent ya Nsimire.»

Papa Zihindula alikuwa ku kiti chake karibu ya mulango. Na rozari yake ilingaa. Hakuniangalia.

Tulisali mafumbo yote tano. Neema ananiita tulale. Nimenawa na sabuni mara mbili lakini bidole bingali na mawese, na pale juu ya ukurasa nimeacha alama.