Kanda Niliyoazima Lamadi

Mjukuu wangu Kulwa,

Mwangaluka. Bibi yako hajambo, na pamba imechanua. Umeuliza kwa nini ninaazimisha kanda zangu za ile bendi ya jazi ya watu wanne, na zinaharibika.

Soko huria lilipoleta nyimbo zao za zamani madukani Bariadi, nilizinunua zote. Kisha mjane wa mpiga gitaa na mwimbaji wao, kule Lamadi, akaniazimisha kanda yenye wimbo ambao haukuwahi kutolewa. Redio yangu ikaila. Niliiunga kwa selotepu, nikairudisha nikiogopa kumtazama.

"Mama, nimeiharibu kidogo."

"Sauti yake bado ipo?"

"Ipo."

"Basi iweke redioni. Tangu afe sijathubutu kuisikiliza."

Ilipofika pale nilipounga, gitaa liliruka, nikashtuka. Yeye hakujali, alikuwa ameshaanza kuimba na mumewe.

Babu yako