Tangi la samaki: si Kidoti aliyelipasua

Baba Kidoti,

Ukiingia tu, USIONGEZE MAJI kwenye tangi. Linavuja. Nimebandika vipande vya karatasi ya chooni ubavuni nione kipi kitalowa kwanza. Ni cha kona ya kushoto, kwenye kiungo. Nimepunguza maji mpaka chini ya ufa. Samaki wako kwenye ndoo, wanahema juu juu. Wahamishie pampu ya hewa tafadhali, mimi nimeshindwa kuichomoa.

Asubuhi ulipomfokea mtoto kwamba ameligonga na mdoli wake, nilinyamaza. ~~Labda kweli aligonga kidogo.~~ Hapana. Ni mimi. Jana nililifuta kwa spiriti ling'ae, nikidhani ni kioo, kumbe ni plastiki ya akriliki. Fundi wa plastiki kanicheka kwenye simu: "Mama, umelinywesha sumu!" Spiriti huipasua. Ukiinama utaona nyufa nyembamba kama nywele, zimefuata njia ya kitambaa changu.

Nimekwenda kwake kuchukua gundi na kiraka. Kona ikauke kabisa kwanza. Usiguse, usijifanye fundi kama ulivyofanya na pasi.

Sijui kama litapona. Kidoti ameondoka bila kunywa chai, bila kuwaaga samaki wake, na mimi mama yake nakoroga kikombe tu.

Ukienda kumchukua shule, usisubiri nirudi. Mwambie ni mama. Mwambie pale pale getini, kabla hajakuomba msamaha.

Mama Kidoti