Barza ya Upande wa Bonde

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mukwe wangu ameanza kazi leo. Héritier, seremala, bwana ya binti yangu Sonia. Anatujengea barza ya mbao nyuma ya nyumba, pale kiwanja kinaposhuka bondeni. Pale kiti hakikai. Ukikiweka, kinakumwaga kwenye mihogo.

Barza ni ya Célestin, mume wangu. Tansio, ile damu ya kupanda, ilimwangusha kabla ya Pasaka, mukono na muguu wa kuume havimusikii tena. Amelala anaangalia ukuta. Anakula vijiko viwili, basi. Muganga amesema: mutoeni nje, aone jua, aone watu, la sivyo atajiachilia. Mbele ya nyumba ni vumbi ya pikipiki. Ni nyuma tu.

Héritier alipima usawa na nivo, akapigilia vijiti. Nilimwona kupitia tundu ya jikoni, maana jikoni yangu iko chini kidogo, upande wa bonde. Kumwona uso kwa uso haiwezekani. Kwetu mama mukwe na mukwe wanaheshimiana hivyo: hakuna kupeana mukono, hakuna kutazamana, hakuna kutajana jina, mpaka mutoto wa kwanza azaliwe na wazee waje kutufungulia. Sonia iko na mimba ya kwanza. Maneno yetu yote yanapita kwake. Hapa jina la mukwe naliandika. Mungu anajua mdomo wangu haujalitamka.

Jumatano, 5 Juni

Nguzo za mvule zimesimama. Amezipaka mafuta machafu ya pikipiki, mchwa wasizile. Za upande wa nyumba ni fupi kama magoti, za upande wa bonde zinanipita kimo.

Célestin alisikia nyundo. Akauliza na ule ulimi wake mzito: nani amekufa? Alidhani wanapiga sanduku. Nikamwambia, mzee, ni barza yako. Akasema: "Hm." Lakini alikula vijiko vitatu.

Jumapili, 9 Juni

Misa ya kwanza. Niliwasha mushumaa kwa Célestin, na mwingine kwa Sonia. Miguu imemuvimba, wamemuweka maternite, hospitali ya wazazi, mpaka azae. Sasa maneno yangu na ya mukwe yatapita wapi?

Jirani Faridah akaniambia: "Mama Sonia, mimi nitakuwa telefone yenu. Ila telefone hii inakula chai ya sukari." Nimecheka, siku nyingi sijacheka.

Jumatano, 12 Juni

Sakafu imekwisha. Nzuri, imenyooka kama meza ya altare. Lakini mchana nikaona anapiga ukuta wa mbao juu yake, kimo cha mutu — upande wa bonde!

Nilielewa haraka. Ni heshima. Akija kumuamkia baba mukwe wake, asinione jikoni, nami nisimwone. Mutu mwema. Lakini upande ule ndio kuna michikichi ya Célestin, na njia ya chemchemi, na watu wanaopita wakimwita. Atatolewa kwenye ukuta mumoja na kuwekwa mbele ya mwingine.

Nikamutuma Faridah. Akarudi anashika kiuno. Mukwe amejibu kwamba kwao, kabila ya Wamaza, hawajengei mama mukwe uwazi, watamuita mutu bila haya. "Na mimi nikamwambia, baba, haya yako ni ndefu kuliko nguzo zako. Hakucheka."

Ijumaa, 14 Juni

Leo nilisema na kuku.

Nilikuwa jikoni, yeye juu anapiga. Nikapaza sauti: "Wewe kuku, mzee anaangalia ukuta tangu Pasaka. Mutu akimjengea ukuta mwingine, huyo anamuzika."

Nyundo ikanyamaza. Nikadhani nimeharibu. Halafu nikasikia kutoka juu, polepole: "Kuku, na mama atapika wapi?"

"Kuku, jikoni itahama. Ni mafiga matatu na mabati manne tu."

Kuku akaenda zake. Sisi tukarudia kila mutu kazi yake.

Jumanne, 18 Juni

Ukuta ameutoa. Ameacha kizuizi cha kufika magotini. Bwana ya Faridah alihamisha jikoni upande wa choo. Sasa moshi unaingia chumbani, nakohoa kama kizee. Si kitu. Sonia bado hajazaa.

Ijumaa, 21 Juni

Barza iko tayari. Tulipatana wana wa Faridah waje kumubeba Célestin kwenye fotei, kiti chake cha mikono, baada ya sala. Mutu mumoja haiwezi: kuna ngazi mbili mlangoni, na ule muguu wa Célestin unakokota. Sasa wote wako musikitini.

Lakini Célestin ameomba shati yake ya misa. Yeye mwenyewe! Nimemvalisha, nimemkalisha kwenye fotei. Akasema: "Sasa." Nikamwambia tungoje wanaume. Akanitazama, akaanza kugeuza uso pole pole kuelekea ukuta.

Héritier iko mlangoni, ametugeuzia mgongo. Ameambia mlango: "Mlango, mzee akirudi kitandani leo, kesho hatakubali."

 

Nimeingia kutafuta kitenge cha kumfunika magoti, ndiyo naandika haya nimesimama. Wazee wa Wamaza watasema nini, sijui. Ee Mungu, wewe uliona nilivyoilinda heshima hii. Fotei inabebwa hivi: mumoja anashika nyuma, mwingine anashika mbele na kutembea kinyumenyume, uso wake kwa uso wa mwenzake. Hakuna namna nyingine, nimeshaiangalia.

Célestin ameita tena. Nasikia viatu vya Héritier vinageuka.

Ashike nyuma, yeye iko na nguvu. Mimi nitashika mbele.