Mamba Ataje Baba Yake

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Mamba, huna adabu. Naandika hapa kwa sababu ofisi ya Perpetua imefungwa na siwezi kulala na maneno haya kooni. Mtu mzima haingii katika mazungumzo ya watu bila hodi, bila salamu, halafu aseme omena ya Homa Bay ni mchanga mtupu. Mchanga uko kichwani mwako.

Asubuhi nimegeuza omena, dagaa wangu wa ziwani, kwenye wavu. Jua zuri. Wanawake wa Migori wamekuja, wamenunua, wameondoka. Kisha nikapanda kwa Perpetua kusikiliza kompyuta.

Perpetua Robi anapigia watu chapa barua zao. Yeye ni Mkuria, mimi ni Mjaluo niliyezaliwa Migori sokoni, kwa hiyo tunaongea Kiswahili, naye ndiye mwandishi wangu. Kompyuta yake inapiga simu, inalia kama mbuzi anayekabwa, halafu barua zinaingia. Kwanza za Akinyi, binti yangu aliye Marekani. Halafu za kile kikundi, Ziwa na Mpaka. Ni watu wetu waliotawanyika duniani, wa Mfangano, wa Lambwe, wa kule mpakani. Mmoja akiandika, wote wanasoma. Kila mtu ana jina la kujifichia. Mimi ni Ngege. Perpetua alichagua samaki huyo kwa sababu ana miba.

Akinyi hajui kwamba nimo. Akijua ataniambia nikae nyumbani nipumzike. Nipumzike nimefanya nini.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimemjibu. Perpetua alicheka mpaka njugu zikamtoka mdomoni.

Nilisema hivi: mimi nakausha omena juu ya wavu, kwenye vichanja, mbuzi hafiki. Wanaoanika mchangani nawajua kwa majina, sio mimi. Na wewe Mamba, aliyekuzaa alizaa mdomo akasahau kichwa.

Perpetua akaniuliza, "Hiyo ya mwisho niandike kweli, Mama Akinyi?" Nikamwambia aanze na hiyo.

Nimeteremka ufuoni mwili mwepesi kama msichana. Nikawasimulia wenzangu. Sasa kila mmoja anataka kujua Mamba atasema nini. Hata wale wanaoanika mchangani.

Ijumaa, 8 Oktoba

Amejibu. Kwanza eti Ngege anapiga kelele. Kumbe Perpetua ameniandika kwa herufi kubwa tupu, kama tangazo la chifu, na huko kwao herufi kubwa ni kupayuka. Mimi sikupayuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti.

Halafu akasema mimi ni mwanamke wa kuzozana kisimani. Halafu akasema hili, na Perpetua alilisoma polepole: "Namhurumia mwanamume aliyeoa binti yako. Huyo analala na viatu miguuni, tayari kutoroka."

Watu wengine wakamcheka, wengine wakamshangilia. Mmoja wa Mfangano akamwambia, "Mamba, umetafuna ngege na miba yake." Huyo wa Mfangano nampenda.

Nina hasira. Pia, niseme kweli, sijawahi kufurahi hivi tangu mzee wangu afe. Nimekula ugali wote. Sabato inaingia jioni hii. Nitanyamaza kwa ajili ya Mungu. Kwa ajili ya Mamba hapana.

Jumapili, 10 Oktoba

Jana kanisani mchungaji alihubiri upole. Mimi nilikuwa natunga jibu.

Nimelipata. Ugonjwa wa kikundi kile ni mmoja. Mtu anaingia uso umefunikwa. Hapa kwetu mgeni akifika langoni husimama, huita, husema yeye ni mwana wa nani na ametoka wapi. Ndipo anapewa kiti. Huwezi kumtukana mtu ambaye mama yake mnakutana naye kisimani. Hawa wamepewa kiti kabla ya kutaja baba.

Mamba ataje baba yake. Kesho.

Jumatatu, 11 Oktoba

Nimempelekea. Herufi ndogo safari hii. Perpetua alipunguza, mimi nikaongeza maneno.

Mwenye kikundi ni Boke, muuguzi aliye Uingereza, mtoto wa Kikuria mwenye heshima. Alijibu kabla sijamaliza soda. Alisema amechoka na matusi, Ngege amesema sawa, ni sheria kuanzia leo. Mamba ataje jina na kwao. Akishataja, Ngege naye ataje. Wengine watafuata. Asiyetaka atoke.

Nilipiga makofi peke yangu. Wateja wa Perpetua waligeuka. Sheria imetungwa Uingereza kwa mdomo wangu, na nilisoma mpaka darasa la tatu tu. Waliosoma waje wajifunze.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimeacha omena kwenye vichanja nikarudi nyumbani.

Mamba ametaja. Kwa majivuno, kifua mbele. Eti hana cha kuficha. Yeye ni Ochieng', mwana wa Mwalimu Okeyo wa Lambwe. Eti ameoa katika boma la watu wenye adabu Homa Bay, mke wake ni Akinyi, na mama mkwe wake ni mwanamke mpole asiyeinua sauti. Eti Ngege aende akajifunze kwa mama huyo.

Perpetua aliacha kusoma. Akanitazama. Akasema, "Mama Akinyi, huyo mpole ni nani?"

Nikamwambia azime mashine.

Ni yeye. Mkwe wangu. Nimemwona mara moja tu, wajomba zake walipomleta, amesimama mbali nyuma yao ameinamisha kichwa, mimi nimefunikwa leso. Hatukusalimiana kwa mkono. Hakula nilipoweza kumwona. Ndivyo inavyotakiwa. Mkwe na mama mkwe hawataniani, hawaketi karibu, wala jina lake silitaji. Nimeliandika hapo juu, sitaliandika tena. Na tusi baina yetu halifutiki kwa pole. Aliyemtukana mama wa mke wake hakanyagi boma lake. Mtoto wake naye hakanyagi.

Na Desemba ndio wanakuja kutoka Marekani. Adhiambo, mtoto wao, ameanza kutembea. Sijawahi kumshika.

Alhamisi, 14 Oktoba

Nimemwapisha Perpetua kwa rozari yake. Ngege amekufa. Asitaje mtu.

Kuna barua ya Akinyi. Anasema mume wake anauliza mama anapenda blanketi la rangi gani. Amezunguka maduka matatu. Anaogopa kuleta lisilopendeza. Kila jioni anamfundisha mtoto kusema "Dani", ili akiniona ajue kuniita bibi.

Mtu ni huyo huyo. Mkono mmoja unanichagulia blanketi, mwingine unaniita mzozanaji. Kompyuta gani hii.

Sikula.

Jumatatu, 18 Oktoba

Kunyamaza hakunisaidii. Wanasema Ngege ametoroka. Boke ameuliza mara mbili kwa upole, Ngege zamu yako. Wa Mfangano ananitetea, maskini, anasema pengine nimefiwa.

Na mkwe wangu anaendelea. Leo amesema Ngege ni kuku, anataga kelele bila yai. Jana alisema atakayemleta Ngege hadharani atamchinjia jogoo. Kila siku anaongeza. Kila siku shimo linakuwa refu, na anachimba mwenyewe akiimba. Mimi nimekaa juu ya shimo na sepetu nyingine, sisemi kitu.

Perpetua anasema nikae kimya tu, hatajua. Lakini mimi nitajua. Atasimama langoni Desemba ameinamisha kichwa, na mimi nitasikia kuku. Na sheria ni yangu. Niliitaka mimi. Nilipiga makofi.

Anyamazishwe kabla hajaongeza.

Jumanne, 19 Oktoba

Nimetaja.

Nilisema: mimi ni Ngege. Naitwa Wilkista Auma, nimezaliwa Migori, nimeolewa Homa Bay. Nauza omena, nakausha kwenye wavu. Nina binti anaitwa Akinyi, ameolewa na mtu wa Lambwe. Nilisema neno baya kuhusu mama ambaye sikujua ni wa nani. Ningejua ni wa nani nisingesema. Kwa hiyo nilipaswa kuuliza kwanza. Nawasalimu wote.

Perpetua aliandika polepole, hakucheka. Alipobonyeza, mbuzi akalia, ikaenda.

Hakuna aliyejibu. Tulingoja mpaka akafunga dirisha. Dunia nzima na hakuna hata mmoja mwenye la kusema. Hata wa Mfangano.

Ijumaa, 22 Oktoba

Akinyi amepiga simu ofisini, Perpetua akatuma mtu ufuoni kuniita. Nilikimbia na magamba mikononi. Mwanamke wa umri wangu kukimbia barabarani, watu walidhani kuna msiba.

Akinyi alikuwa anacheka na kulia pamoja, huwezi kujua kipi kimeshinda. Anasema mume wake alisoma, akazima kompyuta, akazima na taa. Akaketi gizani sebuleni. Asubuhi akasema hawezi kuja. Hana uso wa kuja nao. Akinyi aje peke yake siku nyingine, mwaka mwingine, na mtoto abaki, maana mtoto ni wa boma lililoharibika.

Nikamwambia aniletee huyo mtu kwenye simu. Akinyi akasema, "Mama, mtaongeaje?" Ni kweli. Hatuongei. Nilikuwa tayari kuharibu mara ya pili.

Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Akamsogeza kwenye simu. Nikasikia pumzi tu, na kitu kama kuku mdogo. Halafu, "Dani." Mara moja. Simu ikakatika.

Sabato imeingia nikiwa bado barabarani. Sikuimba.

Jumapili, 24 Oktoba

Nimetoka Lambwe. Miguu imevimba, naandika hivyo hivyo.

Nilifikiri Sabato nzima. Yeye alinitukana mimi. Lakini mimi nilimtukana mama yake, na nilianza. Kijana hawezi kusogea kabla ya mkubwa kusogea. Basi nikafunga omena safi katika kitambaa, ile ya wavu, nikaenda kwa Dorsila, mama wa mkwe wangu. Hatujawahi kuketi pamoja bila wanaume.

Nilisimama langoni. Nikaita. Nikataja mimi ni nani, binti wa nani, kana kwamba hanijui. Alikuwa anapepeta mtama. Alisema, "Ingia, mzaa mwenzangu. Unataja ukoo mzima, kwani umekuja kuomba kura?"

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Kikundi, majina ya kujificha, tusi. Nililirudia neno kwa neno, aliyekuzaa alizaa mdomo akasahau kichwa, maana sio adabu kuomba radhi kwa jambo ulilolipunguza. Ungo ukasimama. Nikafikiri sasa nafukuzwa.

Akasema, "Kichwa nilimzalia. Alikipeleka Marekani, wameshindwa kukirudisha."

Halafu tukacheka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini bila kukaribishwa. Mwalimu Okeyo alitoka nyumbani, akatuona wazee wawili vumbini, akarudi ndani.

Dorsila alitia omena kwenye sufuria mbele yangu, kwa nyanya na kitunguu, akala. Alitafuna akingoja mchanga. Hakuna. Akakubali kwa kichwa. Basi neno langu limekwisha, amelila.

Kuhusu tusi la mwana wake kwangu, tumepanga: mama wawili wakishakula pamoja, lango linaweza kufunguliwa. Mtu aliyemtukana mama mkwe hawezi kuwa wa kwanza kuingia. Hilo halibadiliki. Lakini hakuna aliyesema asiwe wa mwisho.

Jumatatu, 25 Oktoba

Mvua imenyesha mchana. Nimefunika vichanja mapema. Omena imepona.

Perpetua amenisomea. Boke amejibu siku ile ile niliyotaja, laini ya simu ndiyo ilichelewesha. Alisema tu, karibu mama. Wa Mfangano ametaja baba yake. Na wengine wakafuata, mmoja mmoja, wa fulani, wa kijiji fulani, wengine wakigundua ni ndugu. Mmoja alikuwa amemwita mwingine punda, kumbe ni mjomba. Kikundi sasa kina utulivu wa watu waliosalimiana.

Chini kabisa kuna mistari miwili ya mkwe wangu. Hakuniandikia mimi. Alimwandikia Boke, amwambie mama wa Akinyi kwamba mtu wa Lambwe amesimama langoni na hajui kama aite. Amepita kwa mtu wa tatu. Amekumbuka. Dorsila alikuwa sahihi, kichwa kipo.

Jioni imekuwa ya kimya. Nimefagia uwanja kutoka mlangoni mpaka langoni, ingawa Desemba bado.

Kesho Perpetua aandike, herufi ndogo, kwa Boke, naye Boke amfikishie. Waje mchana, wasije usiku kama wezi. Dorsila atembee nao. Langoni wamshushe Adhiambo chini, atangulie kuingia peke yake kwa miguu yake, huyo hajamtukana mtu. Akishanifikia, mama yake afuate. Baba yake angoje nje mpaka mtoto amwite.

Na blanketi liwe la kijani.