Uvimbe wa Kidole Gumba

Kwako binti yangu mkubwa,

Mimi baba yako ni mzima na kazi ninayo tele. Mji mzima hakuna anayenifikia kwa kushona soli, hata wanaonichukia wananiletea viatu vyao. Mama yako mdogo anakusalimu, magoti yanamsumbua.

Kuna kijambo kidogo. Kidole gumba cha kulia kilivimba. Nikasema ni sindano ya viatu imenichoma, sisi mafundi tumezoea. Nikakipasua mwenyewe kwa kisu cha kukatia ngozi. Mama yako mdogo akapiga kelele, "Wewe mzee una kichwa kigumu kuliko hizo soli!" Usaha haukutoka, ilitoka damu tu, na uvimbe ukazidi.

Hospitali wakakata kipande cha nyama wakakipima. Kumbe ni ile saratani ya umio waliyonipasulia mwaka juzi, imehamia kidoleni. Daktari akasema, "Mzee, mara nyingi huenda kwenye ini au mapafu. Kidoleni sijawahi kuona." Nikamwambia mimi tangu zamani sifanani na watu. Hakucheka.

Alhamisi wanataka kukikata, halafu nianze dawa. Karatasi ya kukubali ninayo, sijaitia sahihi, na mama yako mdogo sijamwambia. Daktari aliuliza nani atanisindikiza. Nikajibu kwa sauti kubwa kwamba sihitaji mtu. Nilimdanganya, mwanangu. Naogopa. Omba ruhusa kazini uje Jumatano, ukae karibu yangu nikiandika hiyo sahihi.

Ni mimi baba yako, ninayekungoja.